Fundi wa Kupunguza

Tairi la baiskeli ya changarawe likijazwa upepo kupita kiasi hudunda juu ya kila jiwe na kumchosha mpandaji mikono kabla ya saa nne asubuhi. Likiwa na upepo mchache mno, jiwe lenye ncha hulibana mpaka kwenye ringi na kulitoboa kwa mpigo mmoja. Kati ya makosa hayo mawili pana nafasi ndogo, pengine PSI nne au tano, nayo haitulii mahali pamoja. Mpandaji wa kilo tisini hana kipimo kimoja na wa kilo hamsini na tano, mchanga hautaki kile inachotaka kokoto, na jua la adhuhuri hupandisha upepo uliowekwa alfajiri. Mtu anayeweza kuifuata nafasi hiyo kutoka jangwa la Dubai hadi milima ya Hajar, kisha hadi mikoko ya Kalba, akiwa na kundi zima la wageni nyuma yake, anastahili kutazamwa bila haraka. Nimemtazama mmoja.

Hakutaka jina lake liandikwe. Wenzake humwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Ni mtu wa Mombasa. Alikuja Dubai kama tulivyokuja wengi, kwa mkataba wa kazi nyingine, akaangukia kwenye duka la baiskeli akiosha baiskeli za wateja, hadi siku moja akakabidhiwa spana. Sasa, kuanzia Novemba hadi Machi, huongoza vikundi vidogo vya watu wenye baiskeli nzuri na ujuzi usiolingana. Kiangazi haongozi mtu. Kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba sheria ya Imarati inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana, na asemavyo yeye, jua linalomtoa mjenzi juu ya ghorofa halina sababu ya kumhurumia mtalii.

Kazi yake huanza jioni ya kuamkia safari, mizigo ikiwa imemwagwa sakafuni. Kila mgeni huja na vitu vya kutosha kuhamia. Fundi hapigi kelele. Humwomba kila mmoja atandaze vitu vyake kwa mafungu, kisha huuliza swali lile lile, kwa sauti ile ile, juu ya kila kitu: hiki utakitumia saa ngapi? Haulizi lini, anauliza saa ngapi. Mwenye suruali ya tatu hushindwa kujibu, na suruali hurudi kwenye begi la kuachwa bila ugomvi. Spika ya muziki hurudi. Ndara za jioni hubaki, kwa kuwa mguu uliofungiwa ndani ya kiatu cha baiskeli siku nzima lazima utolewe nje, na hilo lina saa yake inayojulikana. Gari la msaada lipo, lakini huwangoja mahali maalumu tu. Kwingineko halifiki, na mtu hula na kuvaa alichobeba mwenyewe.

Kinachobaki hupangwa kwa uzito. Vizito hukaa katikati ya fremu, karibu na pedeli: zana, betri, chakula, chupa kubwa. Vyepesi, kama nguo na mfuko wa kulalia, huenda nyuma ya kiti na mbele ya usukani. Sababu yake iko mchangani, ambako gurudumu la mbele likielemewa huzama na kugeuka lenyewe, na mpandaji hujikuta chini akiwa bado ameshika breki. Wachukuzi wa Busia, waliokuwa wakivusha watu na magunia mpakani kwa baiskeli za chuma, walilijua hilo kwa mgongo na magoti. Fundi hukaza mikanda ya kila mkoba, kisha huongeza kamba moja ya mpira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kama wafanyavyo wauza mkaa kwetu. Mikoba yenyewe ni ya bei kali, imeshonwa Ulaya kwa kitambaa kisichopenya maji. Mimi huiamini ile kamba zaidi.

Kitu pekee asichokipunguza ni maji. Lita moja ni kilo moja, na hakuna ujanja juu yake. Anahesabu maji kwa saa, wala si kwa kilometa, maana kilometa ishirini za mchanga zinaweza kumeza saa tatu, na ishirini za barabara ngumu ya moramu zikaisha kwa saa moja na robo. Hata katika miezi ya baridi mtu anayekanyaga kwa bidii huhitaji kati ya nusu lita na lita nzima kila saa. Aliyekuja na chupa mbili ndogo za mashindano huongezewa mbili kubwa bila kuulizwa.

Asubuhi hupitia ukingoni mwa Al Qudra. Wakazi wengi wa Dubai wanaijua Al Qudra kwa njia yake ya lami ya baiskeli, zaidi ya kilometa 80 jangwani, ambako vijana wa mjini hukimbizana kabla ya mapambazuko. Fundi huitumia kupasha misuli joto tu, kisha huiacha. Mnara wa umeme wa jua ulio kwenye bustani ya nishati ya Mohammed bin Rashid Al Maktoum, wenye urefu wa mita 262, huendelea kuonekana kwa saa nyingi baadaye, na mgeni hulalamika kwamba hawaendi popote. Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza.

Mchanga wa nchi hii hauna rangi moja. Karibu na bahari ni mweupe, umejaa chembe za kombe zilizosagika. Kadiri unavyoingia bara unakuwa mwekundu, kwa kutu ya chuma iliyozivika chembe zake. Wageni hupiga picha za rangi. Fundi huangalia unyevu na upepo. Miezi ya baridi huleta ukungu alfajiri, na umande huushika mchanga wa juu ukawa na ngozi ngumu inayodumu saa mbili tatu. Ndiyo sababu huwaamsha watu saa kumi alfajiri, jambo lisilompendeza yeyote. Jua likishapanda, ngozi ile hukauka na kubomoka, na mahali palipopitika saa moja asubuhi panakuwa pa kusukuma baiskeli kwa mkono saa nne. Kisha kuna shamali, upepo wa kaskazini-magharibi. Upande wa tuta unaoukabili umebanwa na kuinuka taratibu, na hubeba gurudumu. Upande wa pili mchanga umemwagikia tu, umesimama kwa pembe ya nyuzi thelathini na kitu, ukikanyagwa unaporomoka. Kwa hiyo Fundi hufuata migongo iliyobanwa, akizunguka mbali kuliko ramani inavyotaka. Mwenye saa ya kisasa mkononi humkumbusha kwamba wametoka nje ya njia. Yeye huitika kwa heshima na kuendelea kuzunguka.

Kabla ya kipande laini husimamisha kundi na kupunguza upepo wa kila tairi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Wapenda hadithi za mafundi wangependa niseme kwamba dole gumba linamtosha. Halimtoshi, na yeye ndiye wa kwanza kusema hivyo. Hutumia kipimo cha kidijitali, kisha hubonyeza tairi kwa dole gumba ili mkono ujifunze, na viwili hivyo vikitofautiana hurudi kwenye kipimo. Namba za kila mpandaji ameziandika kwenye plasta nyeupe iliyobandikwa juu ya fremu ya baiskeli yake: ya mchanga, ya kokoto, ya lami. Halafu hutoa maelekezo ambayo sijawahi kumsikia akiyarefusha. Kaa nyuma. Gia nyepesi. Miguu isikatike. Usukani uache ujitafutie njia. Kwangu aliongeza moja: “Kaka, acha kuukaba, haukimbii.”

Chakula cha mchana huliwa chini ya mghafu, mti wa taifa wa Imarati, ambao mizizi yake hufuata maji makumi ya mita chini ya ardhi. Baiskeli haziegeshwi chini ya mgunga hata kama una kivuli kizuri zaidi. Mwiba wake mkavu hauhitaji kukanyagwa kwa nguvu. Huingia kwenye tairi kwa uzito wa baiskeli pekee, na hakuna anayejua hadi baada ya saa nzima. Matairi haya hayana tyubu. Ndani yake mna gundi ya maji, nyeupe mithili ya maziwa, inayokimbilia tundu na kuganda humo. Kwa mwiba mmoja inatosha. Kwa miiba sita, gundi huisha, na joto la huku huikausha mapema kuliko chupa inavyoahidi. Fundi huitikisa kila gurudumu karibu na sikio kabla ya safari ili asikie kama bado inacheza.

Milima ya Hajar huanza ghafla, kahawia iliyoiva hadi kuwa nyeusi, bila nyasi za kuilainisha. Sehemu kubwa ya mawe hayo ni sakafu ya bahari ya kale pamoja na mwamba uliokuwa chini yake, vilivyosukumwa juu ya nchi kavu zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita, na wanajiolojia hutoka mbali kuja kugusa kwa mkono kitu ambacho kwingine kimezama chini kabisa ya maji. Mpandaji baiskeli hukijua kwa njia nyingine. Mawe haya yakipasuka hutoa makali. Mlimani yametapakaa kama yalivyovunjika. Chini bondeni, hata hivyo, mafuriko yameyaviringisha na kuyapanga: makubwa pale maji yalipokuwa na nguvu, yaani upande wa nje wa kila kona, na kokoto ndogo upande wa ndani, maji yalipochoka. Fundi hukata kona zote kwa ndani. Hili nililiona mara nyingi kabla ya kulielewa, na nilipomwuliza alishangaa kwamba kuna mtu anayeona bonde bila kuona mto uliopita humo.

Mto huo si wa kale. Tarehe 16 Aprili 2024 kituo cha Khatm Al Shakla huko Al Ain kilipima zaidi ya milimita 250 za mvua kwa muda usiofika saa 24, kiasi ambacho hakijawahi kuonekana tangu kumbukumbu za hali ya hewa zianze nchini mwaka 1949. Ardhi ya mwamba hainywi. Mvua inayonyesha juu ya kilele hufika bondeni chini ya anga safi, na mtu aliyepiga hema kwenye kokoto nzuri tambarare amelala katikati ya mto. Tangu 2023 dereva anayeingia bonde lililofurika hutozwa faini ya dirham 2,000 na gari lake huzuiwa siku 60. Baiskeli haina cha kuzuiwa, ila mwenyewe. Fundi huangalia mvua ya kule maji yanakotoka, na hema zake huwa juu ya kingo, penye mawe yasiyolalika vizuri. Wageni hununa. Anawaacha wanune.

Hatta iko hapo, kipande cha Dubai kilichotengana na Dubai, kilometa 130 hivi kutoka mjini, chenye bwawa, mitende, na ngome iliyojengwa mwaka 1896. Siku hizi pana njia za baiskeli za milimani zilizochongwa kwa ustadi, na kundi lingeweza kuzichezea siku mbili. Fundi huwapa nusu siku. Nusu nyingine ni ya matengenezo.

Ningeweza kukaa kwenye matengenezo hayo kurasa nzima. Mnyororo kwanza. Mafuta mazito hukamata vumbi, na vumbi na mafuta huwa msasa unaokula meno ya gia, kwa hiyo minyororo yake yote imechemshwa kwenye nta kabla ya safari na hufutwa kwa kitambaa kikavu tu. Kisha bolti, kwa mpangilio usiobadilika, kutoka usukani hadi kiti. Kisha anapitisha vidole kwenye spoki akizibana mbili mbili, akitafuta ile iliyolegea. Kwenye mfuko wake wa zana kuna kipande kidogo cha alumini kwa kila baiskeli, kile kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu. Kimeundwa kivunjike kabla fremu haijapinda, na karibu kila aina ya baiskeli ina chake kisichoingiliana na kingine. Mwezi mmoja kabla ya safari huwaandikia wageni wote kuwauliza aina na mwaka wa baiskeli zao. Huko nyikani kipande hicho hakipatikani kwa fedha yoyote.

Safari niliyokuwemo, tairi la mwanamke mmoja kutoka Munich lilichanwa ubavuni na jiwe, mpasuko wa urefu wa kidole, usioweza kuzibwa kwa kamba za gundi. Fundi aliketi kivulini. Akalivua tairi, akaifuta gundi yote, akaukausha mpasuko kwa shati lake. Akatoa sindano iliyopinda na uzi wa kusafishia meno, ambao ni imara na hauozi haraka. Akashona. Kila mshono uliingia mbali kidogo na ukingo, ili uzi usikate raba, na kila baada ya mishono mitatu alisimama na kulikunja tairi kuona kama linakunjika sawasawa. Hakukaza sana. Ukikaza, alisema, ubavu unajikunyata na gurudumu litayumba. Kisha kiraka kwa ndani, kilichokatwa duara kwa sababu pembe huanza kubanduka, kisha gundi ya haraka juu ya nyuzi, kisha kungoja. Kungoja kulichukua muda mrefu kuliko kushona. Mtu mmoja alipendekeza waanze kujaza upepo. Fundi alimpa chungwa amenye. Tairi lile lilifika pwani.

Aliyajua mawe kabla ya Dubai, kwenye barabara za vumbi za nyumbani, na anafuatilia kwa karibu wanaoshindana juu yake. Wapandaji wa Afrika Mashariki wameingia katika mbio za changarawe kwa kishindo miaka hii, hasa kupitia timu ya Amani yenye Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, na mashindano ya Migration Gravel Race yaliyoanza mwaka 2021 huko Maasai Mara. Sule Kangangi, aliyekuwa nguzo ya timu hiyo, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Fundi humtaja kwa jina lake la kwanza, kama anavyotajwa jirani. Yeye mwenyewe hashindani. Nadhani hana hulka ya ushindani: mbele yake akiona mteremko mzuri, kitu cha kwanza anachofanya ni kugeuka kutazama nyuma.

Mwendo wa kundi pia huupunguza, kwa hila. Mpandaji dhaifu zaidi humweka wa pili, mara nyuma yake, ili asijue kwamba ndiye anayeamua kasi. Wenye nguvu huwapa kazi za kuwachosha: kubeba maji ya akiba, kurudi nyuma kuangalia aliyesimama, kufungua mageti ya mashamba na kuyafunga tena. Kwenye mageti husalimia kila mtu. Wengi wa wanaolima na kufuga kwenye mabonde haya ni Wapakistani na Wabangladeshi, na Kiurdu chake cha kuokoteza kimempatia chai, kivuli na habari za njia zilizoporomoka wiki ile, habari ambazo hazimo kwenye ramani ya simu.

Kutoka Hatta njia hupanda na kushuka hadi Wadi Al Helo, ambako watu walikuwa wakiyeyusha shaba zama za kale, kisha hutelemkia Kalba, na Ghuba ya Oman hufunguka mbele. Hapo kuna mikoko ya mchu, ile ile ya pwani yetu, na mdiria ambaye jamii yake ndogo imepewa jina la Kalba. Mswahili hawezi kupita hapa akiwa mgeni kamili. Nyumba kongwe za Dubai, zile za Al Fahidi na Shindagha, ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka Lamu na Rufiji, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti. Upande wa pili wa nchi, Julfar ya zamani, ambayo leo ni Ras Al Khaimah, ndiko alikozaliwa Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15 aliyeandika juu ya njia za bahari, ikiwamo ya kwenda hadi Sofala. Kwamba ndiye aliyempeleka Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 ni hadithi ambayo wanahistoria wengi hawaikubali. Kazi ya rubani wa namna hiyo haina shaka: rangi ya maji, matope yaliyonata kwenye bildi, ndege anayerudi nchi kavu. Nilimtajia Fundi. Alifurahi kidogo, kisha akaniuliza kama nimekunywa maji.

Tumebishana juu ya siku ya mwisho tu. Yeye huwaongezea watu upepo kwa ajili ya lami na kuwapeleka kaskazini kupitia Fujairah na Khor Fakkan, akichepuka Madha, kipande cha Oman kilichozungukwa na Imarati, ambacho ndani yake kuna Nahwa, kijiji cha Imarati kilichozungukwa na Oman. Wageni hucheka wakivuka mipaka isiyo na askari. Mwisho ni Al Bidya, kwenye msikiti mdogo wa karne ya 15 wa mawe na udongo. Mimi ningeishia Kalba. Barabara ya pwani ina malori, na baada ya mabonde yale lami inachosha macho. Kwa mtu anayepunguza kila kitu, nilimwambia, siku hii ni suruali ya tatu.

“Wewe Kalba inakutosha kwa sababu umeona mikoko ukakumbuka kwenu,” alisema. “Yule mama wa Munich hana kwao pale.” Halafu akaniuliza kama nimeingia ndani ya ule msikiti. Kuba nne, nguzo moja katikati inazibeba zote. Fundi gani hatataka kuiona?

Msimu huu amekubali nusu. Kipande cha malori hupita kwa gari, baiskeli zikiwa nyuma juu ya chuma cha kubebea, na watu hushushwa kilometa chache kabla ya Al Bidya ili wafike wakikanyaga. Mimi bado naona Kalba ingetosha.